Yashica Mat-124G, Hasselblad 500C/M au Mamiya RB67: ipi ikufae kwa filamu ya 120?

Kila baada ya miezi michache hunijia kijana na swali lile lile. Ameshapiga filamu ya milimita 35 mwaka mmoja au miwili, mkono umeanza kutulia, na sasa ameona picha za mraba za kamera kubwa na usingizi umemruka. Akiba yake inatosha kamera moja. Majina matatu hayamtoki kichwani: Yashica Mat-124G, Hasselblad 500C/M na Mamiya RB67. Anauliza, "Kaka, ipi inatoa picha kali zaidi?"

Nampenda kwa kuuliza, ila swali hilo halimfikishi mbali. Fremu ya milimita 35 ni 24 kwa 36, yaani milimita za mraba 864. Fremu ya Yashica na Hasselblad ni 56 kwa 56, sawa na 3,136, zaidi ya mara tatu na nusu. Ya RB67 ni 56 kwa karibu 70, inakaribia mara nne na nusu. Kuza picha ya yoyote kati ya hizo hadi upana wa nusu mita, na bado utahesabu nyuzi za ukili kwenye mkeka aliokalia bibi. Kwa ukali, zote zimeshavuka haja yake.

Kinachozitenga ni mambo mengine, na hayo ndiyo vigezo vyangu. Kwanza, kamera inakaaje mkononi, na inamfanya nini mtu aliye mbele yake. Pili, lenzi na shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga wa picha, hasa chini ya jua letu. Tatu, umbo la picha na idadi ya fremu, maana hapo ndipo pesa inapotoka kila wiki. Nne, ubovu: nini huharibika, na nani atakutengenezea. Kigezo cha kwanza nakipa uzito kuliko vyote, na nitakaa hapo zaidi.

Kwa asiyezijua: Yashica Mat-124G ni kamera ya Kijapani yenye lenzi mbili, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia. Ilianza kuuzwa mwaka 1970. Hasselblad 500C/M ya Göteborg, Uswidi, ilitoka mwaka huo huo ikirithi 500C ya mwaka 1957. Ni mchemraba ambao lenzi, kasha la filamu na kioo cha kutazamia vyote vinachomoka. Mamiya RB67 nayo ni ya 1970, kisha wakaja wadogo zake, Pro-S mwaka 1974 na Pro-SD mwaka 1990. Kwa hiyo ni rika moja. Hakuna hata moja inayohitaji betri ili kupiga picha, na zote hula filamu ya 120, ile pana ya roli, ambayo Kodak waliileta mwaka 1901 na hadi leo inatengenezwa.

Mkononi, na mbele ya mtu

Yashica ina uzito wa kilo moja na gramu mia hivi. Inaning'inia shingoni, inakaa usawa wa tumbo, na wewe unainama kutazama kwenye kioo cha juu. Siri yake iko kwenye kuinama huko. Mzee unayetaka kumpiga picha haoni jicho lililofichwa nyuma ya chuma. Anaona mtu aliyeinamisha kichwa mbele yake. Kwetu mkao huo una maana hata kabla hujasema shikamoo.

Asubuhi moja sokoni Tanga nilimwomba bibi muuza ndimu ruhusa ya kumpiga picha. Alikubali, akakaza uso kama anayesubiri picha ya kitambulisho. Nilipoinama akatabasamu, akauliza, "Mbona unaitazama kwa juu, mwanangu, imeharibika?" Hapo ndipo nilipobonyeza. Shata ikalia kidogo tu, kama njiti ya kiberiti inayovunjika. Ndani ya kamera hii hakuna kioo kinachoruka, kwa hiyo niliendelea kumwona muda wote, hata pale picha ilipokuwa inaingia. Vivian Maier, yaya aliyetembea mitaa ya Chicago miaka mingi akiwa na Rolleiflex, kamera ya Kijerumani ya ukoo huu huu wa lenzi mbili, alipiga watu wengi namna hiyo, kutoka usawa wa kifua. Ukizitazama picha zake utaona jinsi watu wazima wanavyoonekana warefu na watoto wanavyotazamwa usawa wa macho yao.

Kuna la kuzoea. Kioo hicho hugeuza kulia kuwa kushoto. Jahazi linaloingia kutoka kulia utaliona likija kutoka kushoto, na ukitaka kulifuata, mwili wako utageukia upande usio wake. Wiki mbili za mwanzo zinaudhi, baadaye mikono inajua yenyewe. Hasselblad na RB67 zikiwa na kioo cha juu zina tabia hiyo hiyo, isipokuwa ununue prizimu, kifaa cha kutazamia kinachonyoosha picha, ambayo huongeza uzito na gharama.

Hasselblad, ikiwa na lenzi ya milimita 80 na kasha la filamu, ni kilo moja na nusu hivi. Unaipakata kwenye kiganja cha kushoto kama bakuli la uji wa moto, kidole kikiwa kwenye kitufe cha mbele. Sijawahi kushika kamera iliyokaa vizuri mkononi kuliko hiyo. Sauti yake ni nzito: kioo cha ndani kinapanda, vijimlango viwili vya nyuma vinafunguka, shata inafanya kazi yake, kisha unapotazamia panabaki giza hadi uzungushe mkono wa pembeni. Aliye mbele yako anajua kwamba amepigwa. Wapo wanaotulia zaidi kwa sauti hiyo, wapo watoto wanaoshtuka. Jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: kwa kasi za polepole, nusu sekunde au sekunde nzima, usiachie kitufe hadi shata imalize. Vile vijimlango vya nyuma hufunga mara kidole kinapoachia, na mwanga wa picha yako unakatwa katikati.

RB67 haitaki haraka. Ikiwa na lenzi ya milimita 90 inapita kilo mbili na nusu. Wapo wanaoishika mkononi, na mimi nimefanya hivyo kutwa nzima mara moja. Usiku mabega yalinieleza. Mahali pake ni juu ya stendi ya miguu mitatu. Kila picha ina hatua zake: unavuta mkono mmoja kukoki shata, yaani kuiweka tayari kupiga, na kushusha kioo, unavuta mwingine kwenye kasha kusogeza filamu, unazungusha kitasa na mvukuto wa mbele unatoka au kuingia kama kodiani hadi macho ya mtu yawe makali. Wakati wote huo mtu amekaa anasubiri, na kusubiri kunambadilisha. Mbele ya RB67 watu hukaa kama walivyokaa babu zao studio: mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja, kofia imewekwa sawa. Ukiitafuta picha ya heshima ya namna hiyo, kamera hii inakupa bila kuiomba. Ukimtafuta mtu anayecheka huku anageuka, ukimaliza kukoki kicheko kimeshaisha.

Lenzi, shata na jua la saa saba

Zote tatu shata zake zimo ndani ya lenzi. Faida yake ni kwamba flashi inakubali kasi zote, hadi 1/500 kwa Yashica na Hasselblad na 1/400 kwa RB67. Mpiga picha wa harusi anajua maana yake. Bibi harusi yuko nje saa tisa alasiri, jua liko mgongoni kwake, uso umeingia kivulini. Unapunguza mwanga wa nyuma kwa kasi ya shata, kisha unaujaza uso kwa flashi.

Hasara ni kwamba kasi inaishia hapo. Kanuni ya zamani inasema: jua kali, tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kasi iwe sawa na ISO ya filamu, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga. Ukisimama ufukweni saa saba mchana na filamu ya ISO 400, kasi ya mwisho ya kamera hizi inakubakisha kwenye f/16 au jirani yake. Kutia ukungu nyuma ya mtu, sahau. Kwa filamu ya ISO 100 unashuka hadi takriban f/8. Kwa hiyo ukiwa pwani, mchana tumia 100, na 400 ibaki ya kivulini, ya ndani na ya magharibi.

Kwa lenzi zenyewe, Yashica ina moja tu, milimita 80 yenye tundu la f/3.5, na haichomoki. Ikiwa wazi kabisa pembe za picha hulegea kidogo. Ukifunga hadi f/8 inasimama bila aibu karibu na wakubwa. Mwisho wa ukaribu wake ni mita moja hivi, na ukifika hapo acha nafasi juu ya kichwa cha mtu, maana lenzi unayotazamia iko sentimita chache juu ya ile inayopiga, na ya chini itakata kilemba ulichokiona kizima. Hasselblad inakuja zaidi na lenzi ya Planar ya kampuni ya Zeiss, milimita 80 na f/2.8, lakini unaweza kuvaa milimita 50 kwa chumba kizima au 150 kwa uso. Hiyo 150 kwa picha za watu ndiyo inayowafanya wengi wasiuze kamera yao. RB67 ina familia yake, kati yake 65, 90, 127 na 180. Zaidi ya hapo, mvukuto wake unakuwezesha kusogea karibu sana kwa lenzi ile ile ya kawaida. Mkono wenye hina unaweza kujaza fremu nzima bila kununua kifaa chochote cha ziada. Kumbuka tu kwamba mvukuto ukitoka mbele, mwanga unaofika kwenye filamu unapungua. Ubavuni mwa kamera kuna jedwali linalokuonyesha uongeze kiasi gani.

Kuhusu kipima mwanga nina la kusema kirefu. Kati ya hizi tatu ni Yashica pekee iliyozaliwa nacho, lakini kilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haitengenezwi tena. Ukitia ya volti 1.5 bila kifaa cha kuipunguza, kinaweza kukupa kipimo cha uongo, na vingi vimeshachoka kwa umri. Nunua kipima mwanga cha mkono kwa kamera yoyote utakayochagua, na upime mwanga unaomwangukia mtu badala ya ule unaorudi kutoka kwake. Mwanga unaorudi unatudanganya kila siku. Kanzu nyeupe inakiambia kifaa kuna mwanga mwingi, picha inatoka giza. Buibui na ngozi nyeusi vinakiambia mwanga ni haba, nacho kinakuongezea hadi picha inapauka. Siku ya harusi kanzu na buibui vimesimama bega kwa bega, na kipimo cha mwanga unaoanguka ndicho pekee kinachowatendea haki wote wawili.

Mraba, mstatili, na pesa ya kila wiki

Filamu moja ya 120 inatoa fremu 12 kwenye Yashica na Hasselblad, na 10 kwenye RB67. Inaonekana tofauti ndogo. Ukihitaji picha 60, ni filamu tano dhidi ya sita, na kila filamu inanunuliwa, inasafishwa na kuskaniwa. Kwa mwaka mzima hiyo filamu ya sita inakuwa nauli ya mtu kwenda na kurudi.

Hata hivyo hesabu hiyo inageuka kufuatana na unakopeleka picha. Mraba ni mtamu ukibaki mraba. Dada wawili waliosimama sare ya kitenge, familia iliyokaa kwenye baraza, mlango wa Mji Mkongwe: hakuna cha kugeuza, hakuna kujiuliza kamera isimame au ilale. Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliwapiga wateja wake wa studio kwa kamera za mraba, na ndani ya mraba huo waliingia na pikipiki zao, miwani yao na ndugu zao bila kubanana. Lakini mteja akitaka jalada la jarida, au picha ya kuweka kwenye fremu za dukani, ambazo karibu zote ni mstatili, utaukata mraba, na kilichobaki ni milimita 56 kwa 42 tu. Hapo RB67, ambayo fremu yake nzima inakaribia umbo la karatasi, inakupa zaidi ya mara moja na nusu ya eneo hilo. Na huhitaji kuilaza kamera ubavu: unazungusha kasha la nyuma tu, picha iliyolala inasimama. Herufi R na B za jina lake zinatokana na mgongo huo unaozunguka.

Hasselblad na RB67 zote hukuruhusu kubadili kasha katikati ya filamu. Una kasha moja la rangi, jingine la nyeusi na nyeupe. Unateremsha kibati cha kuzuia mwanga, unatoa hili, unaweka lile. Yashica haina hilo. Ukishaanza filamu, unaimaliza. Kwa kazi ya kulipwa jambo hili ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu makasha mawili yaliyojazwa mapema yanakuokoa na kusimama pembeni unafungua karatasi wakati maharusi wanakata keki.

Kuhusu kusafisha, kamera hazitofautiani, ila tahadhari mbili nitazitaja kwa sababu zimeharibu filamu za watu wengi ninaowafahamu. Ya kwanza ni joto la maji. Kwa mfano filamu ya HP5 Plus ya Ilford kwenye dawa ya ID-11 isiyoongezwa maji husafishwa dakika saba na nusu kwa nyuzi 20, na maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili hayapo karibu na 20. Weka chupa za dawa na tangi ndani ya beseni la maji yenye vipande vya barafu, subiri kipimajoto kishuke, kisha anza. Barafu isiingie ndani ya dawa. Ya pili ni uwanja wa ndege. Filamu nyingi hutufikia kwa mkono wa ndugu anayetoka Dubai au London, na zile mashine mpya za kuskani mizigo ya mkononi kwa teknolojia ya CT, eksirei inayopiga kutoka pande nyingi, huichafua filamu. Mwombe msafiri azitoe kwenye begi, aziweke kwenye mfuko unaoonyesha ndani, na aombe zikaguliwe kwa mkono.

Kuvu, sponji na fundi

Adui wa kwanza wa kamera hizi ukanda wetu ni unyevu. Niliwahi kununua lenzi moja kwa picha za simu, ikafika inang'aa nje, ndani ina kuvu kama utando wa buibui uliotandazwa kwenye kioo. Tangu siku hiyo sinunui bila tochi. Fungua tundu la lenzi kabisa, mulika kutoka nyuma, tazama kutoka mbele kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyuzi na mawingu ni kuvu, na kuvu iliyokomaa hula hadi tabaka la kioo. Ukishainunua kamera yako, iweke kwenye sanduku la plastiki linalofungwa vizuri, pamoja na zile pakiti za kunyonya unyevu, na uitoe uipige kila wiki. Kabati la nguo karibu na bahari ni kaburi la lenzi.

Yashica mara nyingi huugua kasi za polepole. Weka sekunde moja, bonyeza, sikiliza: ikisitasita au kugoma, shata ina mafuta yaliyoganda, na fundi wa shata anaweza kuisafisha. Mkono wa kusogeza filamu ndio sehemu ya kuhofia zaidi. Ukikwaruza au kuruka, iache kamera hiyo kwa mwenye nayo. Uzuri ni kwamba ina sehemu chache, na fundi mwenye subira aliyezoea kamera za zamani hataiogopa.

Hasselblad imejengwa kutengenezwa. Kila kipande kinachomoka, kwa hiyo kinachoharibika ni kipande, na mwili unaendelea kufanya kazi na kasha au lenzi nyingine. Lakini vipuri vyake ni ghali, na fundi anayeijua vizuri utampata mbali. Kuna kosa moja ambalo karibu kila mgeni hulifanya. Lenzi na mwili lazima vyote viwe vimekokiwa kabla ya kuunganishwa. Kimoja kikiwa kimekokiwa na kingine bado, vinakwama, na hapo usitumie nguvu hata kidogo. Toa kasha la nyuma. Kuna namna ya kuikoki lenzi kwa bisibisi nyembamba ndefu kupitia huko, na ni vizuri uoneshwe na anayejua kabla haijakutokea.

RB67 ni ngumu kama sufuria ya shughuli. Ugonjwa wake wa kawaida ni sponji nyembamba za kuzuia mwanga kwenye kasha la filamu, ambazo kwa umri hugeuka kuwa uji mweusi unaonata, na mwanga unaanza kuvuja pembeni mwa picha. Dawa yake ni ndogo: kwangua, safisha kwa spiriti, bandika sponji mpya au uzi mzito mweusi. Kazi ya saa moja mezani kwako. Mvukuto nao uumulike kwa tochi gizani, ukitafuta matundu kwenye mikunjo. Kama unanunua toleo la kwanza badala ya Pro-S, fahamu kwamba halikuzuii kupiga picha mbili juu ya fremu moja ukisahau kusogeza filamu.

Kwa bei, kwa miaka yote niliyofuatilia, Hasselblad huwa juu ya zote mbili, mara nyingi kwa mbali. Sehemu ya bei hiyo ni jina. Watu wanakumbuka mwezi wa Julai 1969 na Apollo 11, na ni kweli Hasselblad zilifika mwezini, ila zile zilikuwa za aina ya 500EL yenye mota, zilizotengenezwa kwa ajili ya safari hiyo. Nunua 500C/M kwa jinsi inavyofanya kazi mkononi mwako.

Hali yako ikoje?

Kama unapiga mitaani, sokoni, safarini, kwa miguu na kwa daladala, na pesa ya kamera ndiyo hiyo hiyo ya filamu, chukua Yashica, na kinachobaki kipeleke kwenye filamu 20 au 30. Hutajuta kukosa lenzi ya pili mwaka huu. Hata mwenye pesa nyingi anaweza kuichagua kwa sababu ile ya bibi wa ndimu.

Kama unalipwa kwa picha za watu nje ya studio, harusi, wasanii, majarida, na unahitaji kubadili filamu na lenzi huku mteja anakusubiri, Hasselblad itarudisha pesa yake, mradi unayo akiba ya kuihudumia. Bila akiba hiyo, siku itakapohitaji fundi itakaa kabatini.

Kama una chumba, hata kama ni sebule yenye dirisha moja zuri na shuka jeupe ukutani, na watu wanakuja kukaa mbele yako kwa miadi, RB67 inakupa fremu kubwa kuliko zote na mvukuto wa kusogea karibu kwa pesa ndogo kuliko Hasselblad. Ni hivyo hivyo kwa anayepiga majengo, vyombo, vyakula au mandhari akiwa na gari la kumfikisha.

Kama unaona huwezi kuishi na picha iliyogeuzwa kulia kushoto, unataka kamera ya kuweka jichoni na kasi ya kupita 1/500, tazama Pentax 67. Shata yake inafika 1/1000, na fremu yake ni ya ukubwa ule ule wa RB67. Ila inataka betri, flashi yake inaishia 1/30, na inapita kilo mbili. Kwa harusi za mchana utaikosa ile nguvu ya shata ya ndani ya lenzi.

Na kama bado umekwama kati ya Yashica na RB67, kama alivyokwama kijana wa mwisho kuja kwangu, fanya alivyofanya yeye. Jumamosi alitia kwenye begi mfuko wa unga wa kilo mbili, pamoja na nusu kilo ya sukari juu yake, akatembea nao kuanzia asubuhi hadi adhuhuri kwenye njia zile zile anazopenda kupiga picha. Jumatatu akaniambia ataweka kiti dirishani kwa mama yake na kuanza kuwaalika majirani.